Gari Lile Lilishinda Nini?

Kila mwaka yanapofika mashindano ya Safari Rally huko Kenya, redio hutangaza jina la gari lililoshinda. Vijana hubishana kutwa. Huyu husema, "Gari hili ndilo bora kupita yote duniani." Yule hujibu, "Bora wapi? Mwaka juzi lilikwama." Ubishi wa namna hii unachangamsha. Lakini usipokuwa na maarifa ndani yake, unaweza kuleta hasara.

Nitakueleza kisa nilichokishuhudia. Kijiji kimoja ambako niliwahi kusimamia madarasa ya kisomo kilichanga fedha za kununua gari. Gari hilo lilikusudiwa kupeleka mahindi sokoni na wagonjwa hospitali. Kamati ilisikia sifa za gari fulani lenye jina kubwa katika mashindano. Ikatafuta moja lililokwisha tumika, la jina lilelile, ikalinunua. Lilikuwa gari la chini, lenye mbio sana kwenye lami. Masika ya kwanza tu jiwe lilitoboa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ikamwagika, injini ikafa. Spea hazikupatikana karibu. Mpaka nilipohamishwa, gari lile lilikuwa limelala chini ya mwembe, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Siku moja darasani tulizungumza juu ya hasara hiyo. Mzee mmoja, ambaye miaka miwili kabla ya hapo hakujua kusoma, aliuliza, "Mwalimu, tuliambiwa gari lile lilishinda. Je, lilishinda nini?"

Darasa zima lilinyamaza. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo kabla fedha hazijatoka. Basi swali la mzee yule ndilo somo letu. Tutajifunza jinsi ya kupima uwezo wa gari katika mashindano mbalimbali, ili tusikiapo kwamba gari fulani limeshinda, tujue maana yake.

KILA MASHINDANO YANA SWALI LAKE

Ukitaka kujua nani hodari kijijini, hutazami kazi moja tu. Yuko mtu mwenye mbio, lakini ukimtwika gunia hafiki mbali. Yuko mwingine anayetembea polepole, lakini atabeba gunia mpaka ng'ambo ya mlima. Yuko wa tatu ambaye kwa kulima hana mpinzani. Wote ni hodari, kila mmoja kwa kazi yake.

Magari nayo ni vivyo hivyo. Kila aina ya mashindano huliuliza gari swali moja kubwa. Hebu tutazame aina tano.

Aina ya kwanza ni mbio za mstari ulionyooka. Mbio hizi hupendwa sana Marekani. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo huondoka. Magari makubwa kabisa ya mbio hizi hukimbia mita 305 tu, yaani karibu urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Humaliza kwa muda usiofika sekunde 4, na mwisho wa njia mwendo wake huzidi kilomita 500 kwa saa. Swali la mbio hizi ni moja: je, gari linaweza kupata mwendo mkubwa kwa muda mfupi kiasi gani? Kona hakuna. Mashimo hakuna. Baada ya kila mbio mafundi huifungua injini, huikagua na kubadilisha vifaa vilivyochoka. Gari la namna hii lina nguvu za ajabu, lakini huwezi kulipeleka mnadani na kurudi. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Aina ya pili ni mbio za kuzunguka njia ya lami. Zilizo mashuhuri zaidi ni za Formula One, ambazo ubingwa wake wa dunia ulianza mwaka 1950. Magari huzunguka njia moja mara nyingi mpaka yatimize kilomita 305 hivi. Swali lake ni hili: je, gari linaweza kwenda kasi, kufunga breki na kukata kona bila kuteleza, mzunguko baada ya mzunguko? Magari haya yana mabawa mbele na nyuma. Bawa la ndege huinua ndege juu. Mabawa ya magari haya yamegeuzwa, hivyo upepo hulikandamiza gari chini, na matairi hushika njia vizuri zaidi.

Hata ndani ya aina hii moja, swali hubadilika. Katika mji wa Monaco magari hupita katika barabara nyembamba za mjini zenye kona nyingi. Hapo hufungwa mabawa makubwa, maana kushika njia ni muhimu kuliko mbio. Huko Monza, Italia, kuna njia ndefu zilizonyooka, na magari huzidi kilomita 300 kwa saa. Hapo hufungwa mabawa madogo, maana bawa kubwa huzuiwa na upepo na kupunguza mwendo. Gari lililoshinda Monaco huenda likashindwa Monza miezi michache baadaye, ingawa gari ni lilelile na dereva ni yuleyule.

Aina ya tatu ni mbio za muda mrefu. Mfano wake mkubwa ni mbio za saa 24 za Le mji wa Le Mans, Ufaransa, zilizoanza mwaka 1923. Magari hukimbia usiku na mchana, na madereva hupokezana. Gari linaloshinda ni lile lililokwenda kilomita nyingi zaidi kwa saa hizo 24. Mwaka 2010 gari la Audi lilikwenda kilomita 5,410. Hapa swali ni uvumilivu: je, gari linaweza kwenda mbio bila kuharibika, na bila kusimama mara nyingi kujaza mafuta? Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 gari la dizeli lilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza. Dizeli haili mafuta mengi kama petroli, hivyo gari husimama mara chache zaidi.

Aina ya nne ni mbio za kupanda mlima. Huko Marekani kuna mlima uitwao Pikes Peak. Njia ya mashindano ina urefu wa kilomita 20 hivi na kona 156, na kileleni ni mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya petroli inahitaji hewa ili iunguze mafuta, kama moto wa jiko unavyohitaji kupepewa. Hewa ikipungua, nguvu za injini nazo hupungua. Mwaka 2018 gari la Volkswagen linalotumia umeme lilipanda mlima huo kwa muda usiofika dakika 8, muda ambao halikuwahi kuufikia gari lolote kabla yake. Mota ya umeme haihitaji hewa ili ifanye kazi, kwa hiyo haikupoteza nguvu kule juu. Hapa swali ni hili: je, gari linabaki na nguvu zake hata mahali pagumu?

Aina ya tano ni rally. Hii ndiyo tunayoijua sisi wa Afrika Mashariki, na ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Basi tuitazame kwa kirefu.

MAFUNZO YA SAFARI RALLY

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Siku zile iliitwa Coronation Safari, maana ilifanywa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, katika miaka ya 1970, mashindano yakabaki Kenya peke yake.

Katika mashindano ya kwanza magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la bei kubwa na la bei kubwa. Hilo lilikuwa jambo la busara. Ni kulinganisha mbuzi na mbuzi, ng'ombe na ng'ombe.

Safari ya zamani ilikuwa ndefu. Magari yalikwenda karibu kilomita 5,000, na miaka mingine zaidi ya hapo, kwa siku chache. Barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalikutana na mabasi, malori, ng'ombe na wanyama wa porini. Ndiyo maana yalifungwa vyuma vya kukinga mbele, kama yale malori ya safari za mbali. Kila gari lilipaswa kufika kituoni kwa muda uliopangwa. Kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwisho wa safari, gari lenye adhabu chache kupita yote ndilo lililoshinda.

Mwaka 1963 mvua ilinyesha sana. Magari 84 yaliondoka. Je, unajua ni mangapi yaliyomaliza? Ni 7 tu. Katika kila magari 12, moja tu lilifika. Lililoshinda ni Peugeot 404. Gari la namna hiyo lilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 liliendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Na mwaka 1968 mvua ilirudi, magari yaliyomaliza yakawa 7 tu tena. Peugeot 404 halikuwa gari la mbio za ajabu. Lilikuwa gari la familia. Lakini lilikuwa imara, springi zake zilipokea mashimo vizuri, na fundi aliweza kulitengeneza njiani.

Sasa tufike mwaka 1975. Hapa pana funzo kubwa.

Kampuni ya Lancia ya Italia ilikuwa imeunda gari liitwalo Stratos. Liliundwa kwa ajili ya rally tangu mwanzo. Lilikuwa fupi na jepesi, na injini yake ilikaa nyuma ya viti. Lilikata kona kama swala. Lilishinda mashindano mengi, nayo Lancia ikatwaa ubingwa wa dunia wa rally miaka mitatu mfululizo: 1974, 1975 na 1976. Ungeniuliza wakati ule gari bora la rally ni lipi, ningekujibu mara moja, "Ni Stratos."

Lakini katika Safari ya mwaka 1975 Stratos zilipata nafasi ya pili na ya tatu. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 504, likiendeshwa na Ove Andersson kutoka Sweden. Peugeot 504 ndilo lile ambalo wengi wetu waliliita Pijo. Lilikuwa gari la teksi na la kubebea abiria wa mashambani. Stratos, bingwa wa dunia mara tatu, halikupata kushinda Safari hata mara moja.

Je, Stratos lilikuwa gari baya? La, hasha. Lilikuwa hodari sana katika milima ya Ulaya, ambako njia ni fupi na kona ni nyingi. Safari iliuliza swali jingine. Iliuliza: je, utavuka mashimo, vumbi na matope kwa siku kadhaa, na bado utasimama wima?

Porsche nao walipata funzo hilohilo. Kampuni hiyo imeshinda Le Mans mara nyingi kuliko kampuni nyingine yoyote. Lakini katika Safari ya mwaka 1974 gari lake lilishika nafasi ya pili, na mwaka 1978 ikawa hivyo tena. Mwaka 1974 lililoitangulia lilikuwa Mitsubishi Lancer, gari dogo, likiendeshwa na Joginder Singh wa Kenya.

Mwaka 1983 likatokea jambo jingine. Magari ya Audi Quattro yalikuja na nguvu katika magurudumu yote manne. Watu wengi waliamini kwamba gari linalosukumwa na magurudumu mawili limekwisha. Lakini Safari ya mwaka huo ilichukuliwa na Opel Ascona, gari la magurudumu mawili ya nyuma. Audi likawa la pili. Kifaa kipya ni kizuri, lakini kuwa nacho tu hakutoshi kukufikisha.

MAMBO SITA YA KUPIMA

Baada ya mifano hiyo, sasa twaweza kuandika kanuni. Unapotaka kupima uwezo wa gari katika mashindano, tazama mambo sita.

1. Swali la mashindano. Uliza kwanza: mashindano haya yanapima nini? Mbio fupi, kona, uvumilivu, mlima au njia mbaya? Usipojua swali, jibu halina maana.

2. Kumaliza. Uliza: gari hili limeanza mashindano mangapi, na limemaliza mangapi? Mwaka 2016 huko Le Mans, gari la Toyota lilikuwa likiongoza baada ya karibu saa 24 nzima. Zikiwa zimebaki dakika chache tu, likaishiwa nguvu. Porsche likalipita na kushinda. Toyota hilo halikuhesabiwa hata miongoni mwa yaliyomaliza. Kazi ya usiku na mchana ikapotea mlangoni.

3. Mwendo wa wastani. Usidanganywe na mwendo mkubwa uliofikiwa mahali pamoja. Chukua kilomita zote, gawanya kwa saa zote. Audi la mwaka 2010 lilikwenda kilomita 5,410 kwa saa 24. Ukigawanya unapata kilomita 225 kwa saa, pamoja na muda wote wa kujaza mafuta na kubadili matairi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya gari.

4. Dereva na mafundi. Gari haliendi peke yake. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa gari la Volvo ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia mwaka uliotangulia. Volvo lilikuwa lilelile lililokwisha tumika. Kilichoongezeka ni dereva fundi aliyezijua barabara za Afrika Mashariki. Basi ukitaka kujua sifa ipi ni ya dereva na ipi ni ya gari, tazama madereva wawili katika gari la aina moja. Wote wakifanya vizuri, sifa ni ya gari. Mmoja akifanya vizuri na wengine wote wakishindwa, sifa ni ya dereva. Mathalani, katika Safari ya mwaka 2022 magari ya Toyota Yaris yalishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja na dereva wake. Mwaka 2023 ikawa hivyo tena. Hapo hakuna wa kusema kwamba ilikuwa bahati ya dereva mmoja.

5. Kurudia. Ushindi wa mara moja waweza kuwa wa bahati. Pengine wengine walipata pancha, au mvua ilinyesha mbele yao. Shekhar Mehta wa Kenya alishinda Safari mwaka 1973, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, mara zote kwa magari ya kampuni ya Nissan, yaliyojulikana zaidi kwa jina la Datsun. Ushindi unaorudiwa katika mvua na katika jua si bahati.

6. Kutengenezeka. Gari likigonga jiwe, fundi atahitaji dakika ngapi? Spea ziko wapi? Katika rally dakika za matengenezo huamua mshindi. Katika maisha ya kijiji, siku za matengenezo huamua kama mgonjwa atafika hospitali.

TUFANYE HESABU

Katika ubingwa wa mwaka mzima, magari hupewa pointi kwa kufuata nafasi zake. Tuseme wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 6, wa tatu 4 na wa nne 3. Asiyemaliza hapati kitu. Mfano huu ni wa kujifunzia tu.

Gari A lilianza mashindano 6. Lilishinda mara 2. Mara 4 liliharibika njiani. Pointi zake ni 10 + 10 = 20.

Gari B lilianza mashindano hayohayo 6. Halikushinda hata mara moja. Lilikuwa la pili mara 1, la tatu mara 2, na la nne mara 3. Pointi zake ni 6 + 8 + 9 = 23.

Umeona? Gari B limekuwa bingwa bila kushinda hata mara moja. Redio ilitangaza jina la Gari A mara mbili, na vijana walilishangilia. Lakini Gari B lilifika kila mara. Jambo kama hili si la kufikirika tu. Mwaka 1982 Keke Rosberg wa Finland alikuwa bingwa wa Formula One ingawa alishinda mbio moja tu mwaka ule mzima. Wengine walishinda zaidi yake, lakini yeye alikusanya pointi nyingi zaidi.

GARI LA MASHINDANO NA GARI LA DUKANI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililokiponza kile kijiji.

Mwaka 1953 magari ya Safari yalikuwa karibu sawa na yale ya dukani. Aliyeona gari limefika salama aliweza kusema, "Nikinunua la namna hiyo, nami nitafika." Leo sivyo. Safari Rally ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Sasa hufanyika sehemu za Naivasha. Njia hufungwa wakati wa mashindano, na kilomita zinazopimwa muda ni mia tatu na zaidi, wala si elfu tano. Bado kuna mawe, matope na vumbi laini kama unga, lakini swali limebadilika. Sasa mbio ni muhimu zaidi kuliko zamani.

Magari nayo yamebadilika. Tangu mwaka 2022, magari ya daraja la juu la rally hujengwa juu ya fremu maalumu ya mabomba ya chuma. Yana jina na sura ya gari la dukani, lakini ndani ni kitu kingine. Springi ni nyingine, gia ni nyingine, breki ni nyingine. Kila baada ya sehemu chache za njia mafundi hulishughulikia gari hilo. Ukinunua gari lenye jina lilelile, umenunua jina. Hukununua springi zile, wala wale mafundi hawatakuja kijijini kwako.

Je, basi mashindano hayana faida kwetu? Yana faida. Yanatufundisha kuuliza maswali na kupima kwa hesabu badala ya kufuata sifa. Ila ni lazima tujue yanapima nini.

TURUDI KIJIJINI

Ndugu msomaji, kijiji nacho kina mashindano yake. Njia yake ni ile kutoka ghalani hadi barabara kuu, yenye kijito kimoja na mlima mmoja. Vituo vyake ni soko, mashine ya kusaga na hospitali. Adhabu yake si dakika zinazoandikwa kwenye karatasi. Ni mahindi yanayoota ukungu, na mama mjamzito anayesubiri usiku.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gari la kijiji, fanyeni kama waamuzi wa rally. Andikeni swali lenu kwanza: mzigo kiasi gani, njia ya namna gani, msimu gani. Kisha tazameni magari yanayopita njia kama yenu sasa hivi. Waulizeni wenyewe: mwaka jana lilisimama siku ngapi kwa ubovu? Linakunywa lita ngapi kwa kilomita mia? Tumbo lake liko juu kiasi gani kutoka ardhini? Fundi wa karibu analijua? Spea zinapatikana mji gani? Andikeni majibu, jumlisheni, ndipo mkate shauri.

Miezi michache baada ya somo lile, kijiji kilianza kuchanga upya. Safari hii yule mzee aliingizwa katika kamati. Muuzaji mmoja alikuja na gari linalong'aa, akaanza kulisifu: limeshinda huku, limeshinda kule. Mzee akatoa daftari lake la kisomo, akavaa miwani, akafungua ukurasa wenye maswali.

"Karibu, bwana," akasema. "Tuanze na mto wetu. Ule wa hapo bondeni limewahi kuuvuka?"

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini gari la Stratos halikushinda Safari ya mwaka 1975, ingawa Lancia ilikuwa bingwa wa dunia mwaka huohuo?
2. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 yakamaliza. Ni magari mangapi ambayo hayakumaliza?
3. Eleza tofauti kati ya mwendo mkubwa na mwendo wa wastani.
4. Gari lilisafiri kilomita 180 kwa saa 6, pamoja na kukwama kwa saa 2. Mwendo wake wa wastani ni kilomita ngapi kwa saa?
5. Katika kijiji chenu, gari likipewa mashindano, njia yake ingekuwa ipi? Swali lake kubwa lingekuwa nini?
6. Kamati ya kijiji kilichotajwa mwanzoni ilikosea wapi? Ninyi mngefanyaje?

MANENO YA KUKUMBUKA

Adhabu: dakika au pointi anazoandikiwa mshindani kwa kuchelewa au kuvunja sheria.
Fremu: mifupa ya gari, ambayo vifaa vingine vyote hufungwa juu yake.
Mwendo wa wastani: kilomita zote zilizosafiriwa, zikigawanywa kwa saa zote zilizotumika.
Rally: mashindano ya magari ya kupita sehemu mbalimbali za nchi, ambayo mshindi hupatikana kwa kuhesabu muda.
Uvumilivu wa gari: uwezo wa kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuharibika.